Wakuu, ni kweli kuna mtu alipewa tuzo kwa kugundua mbu anapenda miguu inayonuka?

Mwalimu_wa_Kata

Habari za jioni wakuu. Mimi nafundisha baiolojia shule ya kata huku Dodoma vijijini, na wiki ijayo naingia na kidato cha kwanza kwenye ile mada ya mwanasayansi anavyofanya kazi, kutazama, kujiuliza swali, kubuni dhana, kufanya jaribio na kuendelea. Kila mwaka mada hii wanaimeza kama kwinini, hatua zote wanakariri vizuri kabisa, halafu ukiwaambia haya sasa kila mtu ajiulize swali moja la kwake, darasa zima kimya, unasikia jogoo wa jirani tu. Hilo linaniumiza sana kwa sababu hawa watoto nyumbani wanauliza maswali mpaka bibi zao wanawafukuza jikoni.

Sasa jana usiku nikakutana na habari za hizi tuzo za Ig Nobel, zile za tafiti za kuchekesha, nimecheka mpaka mke wangu akaamka kuuliza kuna nini. Kuna Mjapani, Kiyoshi Mabuchi, alipima ganda la ndizi linateleza kiasi gani ukilikanyaga, kapata tuzo 2014. Kuna Catherine Douglas na Peter Rowlinson wa chuo kikuu cha Newcastle Uingereza waliwahoji wafugaji 516 wakakuta wanaowaita ng'ombe wao kwa majina wanapata maziwa zaidi, kama lita 258 kwa msimu wa kukamuliwa. Na huyu ndiyo kanimaliza, daktari wa Marekani anaitwa Donald Unger, alipokuwa mdogo mama yake alimwambia ukialisha vidole utapata ugonjwa wa viungo, basi jamaa akawa anaalisha vidole vya mkono wa kushoto tu, wa kulia hagusi, miaka zaidi ya 60, ili mwisho alinganishe mikono. Mikono yote mizima. Tuzo 2009.

Naomba kuuliza mawili. Hivi vitu ni vya kweli au ni chai ya mtandaoni, maana sitaki kudanganya watoto. Na la pili, kuna ambacho kimefanyika huku kwetu? Nimesikia juu juu habari ya mbu na miguu.

Chura_wa_Bwawani

Ni kweli kabisa mwalimu, ingia nazo darasani bila wasiwasi. Tuzo zilianzishwa 1991 na Mmarekani Marc Abrahams, na kigezo chao ni kwamba utafiti uanze kukuchekesha halafu ukufikirishe. Tafiti zenyewe ni za kweli, zimeandikwa kwenye majarida ya sayansi kama nyingine zote, ni vile tu ukisoma kichwa cha habari unashika tumbo.

Sherehe yao yenyewe ni kituko, watu ukumbini wanarusha ndege za karatasi jukwaani, na mshindi anapewa sekunde 60 za kuongea, akizidisha anakuja binti mdogo wa miaka minane hivi anamsimamia mbele anamwambia tafadhali acha nimechoka, tafadhali acha nimechoka, mpaka mtu mzima na uprofesa wake anakaa chini. Zawadi ya pesa kwa miaka mingi ilikuwa noti ya dola trilioni kumi za Zimbabwe. Na gavana wa benki kuu ya Zimbabwe wakati ule, Gideon Gono, alipewa tuzo ya hisabati 2009 kwa kuwazoesha wananchi kuhesabu namba kubwa, maana alichapisha noti kuanzia senti moja hadi dola trilioni mia.

Ila mtu wa kuwaambia wanafunzi wako ni Andre Geim. Huyu alimwelesha chura hai hewani kwa sumaku. Siyo mazingaombwe, mwili wa chura ni maji mengi na maji yanasukumwa na sumaku, kidogo sana, kwa hiyo ukiwa na sumaku kubwa ya kutosha chura anaelea tu hapo katikati. Akapata Ig Nobel mwaka 2000 pamoja na Michael Berry. Miaka kumi baadaye, 2010, mtu huyo huyo akapata Nobel yenyewe ya fizikia, yeye na Konstantin Novoselov, kwa kazi ya grafini, ule utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja ambao walianza kuubandua kwa selotepu ya kawaida. Yaani selotepu! Mimi hapo ndipo nilipoanza kumpenda huyu mzee, mkono ule ule uliocheza na chura ndio uliocheza na selotepu.

Kilombero_Juu

Mwalimu hiyo ya mbu ni ya kwetu kaa nikusimulie vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa bonde la Kilombero na nikiwa kijana nilifanya kibarua cha kukamata mbu wa utafiti. Kazi yenyewe unakaa kwenye kigoda usiku, suruali umekunja mpaka magotini, tochi mkono mmoja, mkono mwingine kale kamrija ka kunyonyea, mbu akitua mguuni unamwashia tochi unamvuta kwa pumzi kabla hajauma anaingia kwenye kikombe, saa moja baada ya nyingine mpaka asubuhi, na dawa ya kinga ya malaria unapewa. Bibi yangu alikuwa anapita anasema jamani mjukuu wangu anauza miguu. Nilikuwa najua kabisa kwa mwili wangu kwamba mbu wale wa malaria wanakuja kwenye vifundo vya miguu, mikono iko wazi pale wanaipita, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kumbe kuna mtu alijiuliza. Bart Knols, Mholanzi aliyefanya utafiti wa mbu huku Tanzania na Kenya, yeye na mwenzake Ruurd de Jong walifanya hivi: mtu anakaa kitini karibu uchi, mbu wanaachiwa chumbani, kila anayetua wanaandika katua wapi. Wale wa kwao Ulaya, Anopheles atroparvus, walikimbilia zaidi kichwani kwa kufuata pumzi. Wale wetu, Anopheles gambiae, wakaenda miguuni na kwenye vifundo. Halafu wakaosha miguu kwa sabuni ya kuua bakteria, wakarudia. Mbu wakapotea maboya, wakawa wanauma popote tu!

Hapo ndipo inapokuja jibini. Kuna jibini ya huko kwao inaitwa Limburger, inanuka kama soksi ya mtu aliyeshinda na buti, na sababu ni kwamba bakteria wanaoiivisha ile jibini ni ndugu wa wale wanaoishi kwenye ngozi ya miguu yetu, jamii moja inaitwa Brevibacterium. Basi wakawawekea mbu jibini, na mbu wakaifuata. Mwaka 2006 wakapewa Ig Nobel ya baiolojia, dunia nzima ikacheka, na mimi nilipoisoma nilicheka kuliko wote kwa sababu ile miguu naifahamu.

Lakini haikuishia kwenye kicheko. Pale taasisi ya utafiti Ifakara kuna mwanasayansi Fredros Okumu, yeye na wenzake wakatengeneza harufu ya mtu bila mtu, mchanganyiko wa hewa ukaa, amonia na asidi zile zinazotoka kwenye jasho, wakaenda kuipima kijijini Lupiro kwenye vibanda. Matokeo yalitoka 2010: kibanda chenye harufu ya kutengeneza kilivuta mbu mara tatu hadi tano kuliko kibanda alicholala mtu. Mbu anamwacha binadamu mzima amelala pale anakwenda kwenye chupa. Hiyo ndiyo ya kuwaambia watoto wako, imefanyika hapa hapa na vijana wa hapa hapa wakiwa ndani ya vibanda.

Mzee_wa_Hoja

Samahani wadau, mimi sichekeshwi sana. Zahanati ya kijijini kwetu mwaka juzi mwanangu alipata degedege usiku, tukafika hakuna vipimo, tukatafuta bodaboda kwenda mbali. Halafu nasoma kuna watu wanapewa pesa kunusa soksi. Sisemi sayansi ni mbaya, nauliza tu kwa moyo mmoja, hizo pesa za kupima ganda la ndizi zingenunua vipimo vingapi? Na huo mtego wa miguu uko wapi, mbona mimi kwangu nina neti tu kama wenzangu wote?

Kilombero_Juu

Mzee wangu pole sana kwa mtoto, na swali lako ni la haki.

Pesa nyingi zilikuja baadaye, ila zile za mwanzo zilikuwa kiti, chumba na mtu aliyekubali kuumwa. 2011 ndipo Okumu na timu yake walipata dola 775,000 kutoka Grand Challenges Canada na mfuko wa Gates kuendeleza mitego, na wakati huo tayari kulikuwa na kitu mkononi cha kuonyesha. Bila yule aliyekaa uchi kitini hakuna wa kuwapa hata mia.

Kuhusu mtego uko wapi, sitakuficha. Ule ushindi wa mara tatu hadi tano ni pale mtu na harufu wako vibanda tofauti. Ukiviweka pamoja chumba kimoja mbu anarudi kwa mtu, harufu ya chupa inatoka sare au inashindwa. Kwa hiyo huwezi kuweka kichupa chumbani ukalala bila neti, mtego unatakiwa kukaa nje, ubadilishwe harufu, uwe na namna ya kuwaua wale mbu. Vyote hivyo vina gharama. Neti usiiache hata siku moja mzee.

Nyar_Mbita

Hamjambo watu wa Tanzania, mimi niko Mbita upande wa Kenya na hio mitego nimeiona kwa macho yangu, juu ilikuwa kisiwa cha Rusinga hapa ng'ambo tu. Mradi uliitwa SolarMal, ulikuwa wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, na chuo kikuu cha Wageningen cha Uholanzi. Shida ya kwanza ilikuwa mtego unataka feni na feni inataka stima, na Rusinga nyumba nyingi hazikuwa na stima. So wakaweka sola juu ya bati, na hio sola ikawa inaendesha mtego, inawasha taa mbili ndani ya nyumba na inachaji simu. Nyumba zaidi ya 4,000! Mtego wenyewe unaitwa Suna, na suna kwa Kijaluo ndio mbu, so hapa hakuna mtu alihitaji kutafsiriwa. Ndani unaning'iniza vipande vya nailoni vimelowekwa harufu ya mtu. Shangazi yangu alikuwa anasema kuna mgeni asiyeonekana anaishi nje ya ukuta wake, ananuka miguu lakini halali njaa.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la tiba la Lancet 2016. Penye mitego malaria ilikuwa chini kwa asilimia 29.8 ukilinganisha na penye haijafika, na mbu wa malaria wale aina ya funestus walipungua asilimia 69.2. Na hii ilikuwa juu ya neti na dawa, siyo badala yake.

Mzee wa Hoja nakuelewa kabisa, mimi pia nimebeba mtoto usiku. Lakini ile taa ndiyo inanifanya nitetee hawa watu. Mtu aliuliza swali la miguu, na mwisho wake watoto wa Rusinga wakasomea kwa taa badala ya koroboi.

Mzee_wa_Hoja

Dada nimekusoma na nimekuelewa. Hiyo ya taa sikuijua. Kwa mbu nimekubali, ila la ganda la ndizi bado.

Chura_wa_Bwawani

Mzee la ndizi liko hivi. Ndani ya ganda kuna vifuko vidogo vya ute, ukikanyaga vinapasuka na ule ute unapunguza msuguano mpaka kama 0.07, ambayo ni karibu na kukanyaga barafu. Mabuchi kazi yake ni viungo, magoti na nyonga, na maungio ya mifupa yetu yanateleza kwa ute wa namna hiyo hiyo. Anayetengeneza goti la bandia lazima aelewe ute unavyofanya kazi. Mama yangu ana goti bovu kwa hiyo mimi hili silichekei kwa muda mrefu.

Mama_Mitamba

Nimechelewa nilikuwa nakamua. Mwalimu hiyo ya majina ya ng'ombe naomba uwafundishe kwa uangalifu, maana nimefuga miaka 19 na nina ya kusema.

Ng'ombe wangu wote wana majina, Neema, Tausi, Sikujua, na huyu mkorofi Bi Harusi. Na kweli wanatoa maziwa vizuri. Lakini jina halikamui! Mfugaji anayempa ng'ombe jina ndiye huyo huyo anayejua jana Tausi hakumaliza pumba, anayeona kiwele kimeanza kuvimba kabla mwingine hajaona, anayeingia bandani bila fimbo. Ng'ombe mwenye woga hashushi maziwa, hilo kila mkamuaji analijua. Kwa hiyo ukimchukua mtu mkali asiyejali ukamwambia kuanzia leo muite Neema, hutapata hizo lita 258. Wale watafiti waliuliza wafugaji maswali, hawakugawa majina kwa bahati nasibu kisha wakapima. Wanafunzi wako wakilishika hilo tu, kwamba vitu viwili kwenda pamoja siyo lazima kimoja kizae kingine, wamekuzidi hata baadhi ya watu wa redioni.

Ambayo mimi imenishika ni ya pundamilia. Japani waliwachukua ng'ombe weusi wakawachora mistari myeupe kama pundamilia, wengine wakawachora mistari myeusi juu ya weusi wao ili kuona kama ni rangi yenyewe inafukuza nzi kwa harufu, wengine wakawaacha hivi hivi. Unaona akili hiyo? Wale wa mistari nyeusi ndio wanaonipendeza zaidi, yaani mtu kapaka ng'ombe mweusi rangi nyeusi, jirani akiona lazima aite wazee, kumbe ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Wenye mistari myeupe nzi walipungua karibu nusu, wa mistari nyeusi hakuna tofauti. Kwa hiyo ni mistari siyo rangi. Walichapisha 2019, tuzo wakapewa 2025. Mimi nzi wananitesa msimu wa mvua, ng'ombe anapiga mkia na kichwa siku nzima badala ya kula. Nimeshanunua chokaa. Naanza na Bi Harusi na Neema, Tausi nampaka maji tu, na wanangu nimewapa daftari wahesabu nzi asubuhi na jioni.

Kilombero_Juu

Mama Mitamba tunaomba picha ya Bi Harusi akishapakwa 😂😂 na hesabu za daftari usisahau

Msuvi_Moro

Wadau mmewasahau panya wetu wa Morogoro. Hawakupata Ig Nobel ninavyojua lakini kichekesho ni kile kile. Mbelgiji Bart Weetjens alivyokuwa anazunguka kuwaambia watu kwamba panya buku anaweza kunusa mabomu ya ardhini alichekwa sana. Leo APOPO, shirika lake la kufundisha panya, iko pale Sokoine, chuo cha kilimo. Panya Magawa, mzaliwa wa pale pale, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu ya ardhini 71 na mengine ambayo hayakulipuka 38, mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, ka nishani kenyewe kadogo kanamtosha shingoni. Uzito wake kama kilo moja na kitu, bomu halimsikii. Alifariki Januari 2022 na nilihuzunika kweli, msinishangae.

Na wengine wananusa kifua kikuu kwenye makohozi, sampuli mia panya mmoja anamaliza kwa dakika 20. Mjomba wangu alikutwa nacho hivyo, kwanza hospitali ilikuwa imeshasema hana.

Mwalimu_wa_Kata

Wakuu narudi na mrejesho, somo nimefundisha juzi na jana, vipindi viwili.

Niliingia sikuandika mada ubaoni. Nikawauliza tu mbu wa usiku anauma wapi. Wakapiga kelele wote kwa pamoja, masikioni! Nikasema hapana, huyo unayemsikia sikioni ndiye unayemjua, sasa yule usiyemsikia yuko wapi. Nikawasimulia kiti, sabuni na jibini, nikamsimulia na Kilombero Juu na kamrija kake bila kutaja ni nani, wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja dirishani. Hapo nikasimama kimya. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu Januari sijamsikia sauti yake, akanyoosha mkono akauliza, na kama mtu amelala chini je? Maana akilala miguu na kichwa viko sawa. Kilombero Juu naomba unisaidie nilimwahidi jibu.

Jirani yake akadakia kwamba mbuzi wao kila siku wanapanda juu ya kichuguu kile kile, vichuguu viko vitano, kwa nini kile? Nikaandika ubaoni. Mpaka kengele inagonga nilikuwa na maswali 23.

Kilombero_Juu

Mwambie huyo kijana kauliza swali ambalo wanasayansi nao walilifikia. Watu walipolala chini, mbu wakawa wanauma mwili mzima, miguu ikapoteza upendeleo wake. Kwa hiyo siyo harufu peke yake, na ukaribu na ardhi umo, yule mbu anaruka chini chini. Mpe hongera yangu na mwambie aendelee kukaa nyuma kama anapapenda ila mkono asishushe.

Mwalimu_wa_Kata

Nitamsomea kesho neno kwa neno, asante sana.

Kati ya yale 23 darasa limepiga kura tuanze na la binti mmoja ambaye mama yake anauza chapati stendi. Kauliza kwa nini chapati ya kwanza huwa inaharibika na zinazofuata zinatoka vizuri, unga ni ule ule na mkono ni ule ule. Wamegawanyika makundi mawili, kuna wanaosema kikaango hakijashika moto sawasawa na kuna wanaosema ni mafuta hayajaenea, na kundi la pili wanataka kupaka mafuta mapema bila kupika kitu ili waone, kama wale ng'ombe wa mistari nyeusi. Mama yake amekubali tuje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla wateja hawajajaa, chapati zitakazoharibika tutazila sisi. Kinachonikwamisha ni kipimajoto, cha maabara yetu kinaishia nyuzi 110. Mwenye kinachofika 250 au zaidi, awe Dodoma mjini au Chamwino, aniazime kwa siku moja tu, nitakifuata mwenyewe.